Shajara ya mradi: kuondoa kelele kwenye hedfoni za meza sita, Kibokoni, Mombasa

Chumba kiko ghorofa ya kwanza ya nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa. Kompyuta ni sita: tatu za mezani (Meza 1, 2 na 5) na laptopu tatu (Meza 3, 4 na 6). Kazi ni unukuzi wa rekodi za sauti, na mara moja moja kusoma maandishi na kuyarekodi. Mnukuzi huvaa hedfoni saa sita hadi nane kwa siku. Kelele ambayo msikilizaji wa muziki haitambui, hapa humla mtu neno zima.

Bei ni shilingi za Kenya, zilizolipwa Mwembe Tayari na barabara ya Digo. Viwango vya kelele ni desibeli chini ya kiwango cha juu kabisa ambacho rekodi inaweza kubeba: namba ikizidi kuwa hasi, kelele ni ndogo zaidi.

3 Februari 2025: kusikiliza kabla ya kugusa

Kila meza iliwekwa sauti robo tatu, bila kucheza chochote, dakika tano.

Meza 1 ina mlio mwembamba kama wa mbu, unaopanda na kushuka kipanya kikisogezwa. Meza 2 inavuma mvumo mzito wa stima wakati wote, na mvumo hubadilika mtu akigusa kasha la chuma. Meza 3 nayo ina mvumo, ila hafifu. Meza 4 iko kimya kabisa isipochezwa kitu, na ikichezwa rekodi hutoa "tak, tak" bila mpangilio. Meza 5 hutatarika waya ukitikiswa, na sikio la kushoto hukatika. Meza 6, yenye hedfoni za Bluetooth, inasikika kama simu ya kaunta ya zamani. Zaidi ya hayo, meza zote hupata "di-di-dit, di-di-dit" kwa sekunde chache kisha ikapotea.

Hizo ni kelele saba na hazina baba mmoja. Tungeliandika hilo kwa herufi kubwa ukutani siku hiyo, pesa nyingi zingebaki mfukoni.

4 Februari: kupima, na kosa la kwanza

Ulinunuliwa waya wa jeki kwa jeki wa milimita 3.5 (150) ili tundu la hedfoni la kila meza liingizwe kwenye laptopu ya akiba yenye Audacity, programu ya kurekodi na kuchanganua sauti. Rekodi ya sekunde 30, hezi 48000 (sampuli za sauti kwa sekunde), kisha uchanganuzi wa masafa.

Rekodi zote sita zilionyesha mvumo mkubwa, hata Meza 4 ambayo kwa masikio ilikuwa kimya. Nusu siku ilipotea kutafuta mvumo usiokuwepo. Laptopu ya kurekodia ilikuwa imechomekwa chaja, na kwa waya ule tulikuwa tumeunganisha ardhi (waya wa pamoja wa kurudishia umeme) ya mashine mbili na kutengeneza mvumo wetu wenyewe. Chaja ikatolewa, rekodi zikaanza kusema ukweli. Anayerekodi kelele atumie betri.

La pili ni dogo lakini linapoteza watu. Uchanganuzi wa Audacity ukiachwa kwenye ukubwa mdogo wa 2048, kila hatua ya grafu ni kama hezi 23, kwa hiyo kilele cha 50 huonekana kama kilima kinene kisicho na jina. Ukiwekwa 65536, hatua inashuka hadi chini ya hezi moja na vilele vinasimama vyembamba: 50, 100, 150. Stima ya Kenya ni volti 240, hezi 50, kwa hiyo vilele hivyo ni chapa yake. Kilele cha 100 kikizidi cha 50, shuku kifaa kinachogeuza stima kuwa ya moja kwa moja, au kinachoikatakata.

Vipimo vya kuanzia: Meza 1 −62, Meza 2 −47, Meza 3 −60, Meza 4 −86, Meza 5 −71 ikiwa haijaguswa.

5 Februari: vitenganishi sita, kosa la shilingi 4,250

Mtaani ukitaja mvumo utaambiwa nunua kitenganishi cha ardhi, kile kidude chenye jeki pande mbili. Vilinunuliwa sita kwa 850 kila kimoja, jumla 5,100, na vikawekwa kabla tu ya hedfoni kwenye meza zenye hedfoni za waya.

Matokeo: Meza 2 haikubadilika hata desibeli moja. Kwenye meza hizo zote besi ilipungua na sauti ikashuka, na maiki zinazotumia jeki moja na hedfoni zikafa.

Sababu ni hizi. Ndani ya kidude mna transfoma mbili ndogo, moja kwa kila sikio, zilizotengenezwa kubeba ishara kutoka kifaa hadi kifaa, ambapo anayepokea ana ukinzani wa maelfu ya omu. Hedfoni ya omu 32 ni mzigo mzito mno kwake, na masafa ya chini ndiyo yanayoumia kwanza. Jeki yake ina nguzo (pete za mguso) tatu tu, hivyo nguzo ya nne ya maiki haina pa kupita. Na kubwa kuliko yote: hedfoni iliyo kichwani mwa mtu haijaungana na ardhi popote. Hakuna mzunguko wa kukatwa hapo. Kitenganishi kinafaa pale tu vifaa viwili vyenye stima vinapounganishwa kwa waya wa sauti. Kimoja kilikuja kupata kazi baadaye. Vitano viko sandukuni.

7 Februari: Meza 1, na pawa saplai iliyonunuliwa bure

Pawa saplai ilishukiwa kwa kuwa ya bei nafuu. Nyingine ikanunuliwa (3,500), ikafungwa, mlio ukabaki palepale, −62.

Ndipo grafu ikaangaliwa vizuri. Kipanya kikisogezwa, vilele vilisimama kwenye 125, 250, 375 na kuendelea. Kipanya cha kawaida huulizwa na kompyuta mara 125 kwa sekunde, kwa hiyo kilichokuwa kikisikika ni prosesa ikiamka na kulala kila inapoulizwa. Umeme ndani ya kasha hupandishwa na kushushwa nayo, na waya wa sauti uliopita karibu unaudaka. Swali likawa moja tu: waya gani?

Hedfoni ilihamishwa kutoka tundu la mbele hadi la nyuma. −81 papo hapo, bila senti.

Tundu la mbele halijaungana na bodi moja kwa moja. Linategemea waya mrefu unaovuka kasha zima, na hapa ulikuwa umelala juu ya nyaya za stima za kadi ya picha. Kwa kuwa watu hawapendi kuinama nyuma ya meza, waya huo ulipitishwa upya pembeni mwa sakafu ya kasha, mbali na kadi, ukafungwa kwa vibanio viwili. Tundu la mbele sasa −77. Linatosha.

Kabla ya hapo ilijaribiwa adapta ndogo ya sauti ya USB (650). Iliondoa mlio wa kipanya ikaleta wake: kilele kikali kwenye hezi 1000 na vizidishio vyake. USB ya kasi ya kawaida hutuma pakiti kila milisekunde moja, na adapta isiyochujwa vizuri huupitisha mdundo huo hadi sikioni. Adapta nzuri zipo, ila si za bei hiyo.

Meza hiyo hiyo, inayotumia Linux, ilikuwa pia na "tuk" kila rekodi inapoanza baada ya kimya cha sekunde kadhaa. Hiyo ni kadi ya sauti inayolazwa ili kuokoa stima. Mstari huu uliwekwa kwenye faili jipya ndani ya /etc/modprobe.d/, kompyuta ikawashwa upya, na "tuk" ikaisha:

options snd_hda_intel power_save=0 power_save_controller=N

10 Februari: Meza 2, hatua ya kwanza

Mvumo unaobadilika mtu akigusa chuma ni dalili ya kasha lisilo na ardhi. Swali ni kwa nini usikike kwenye hedfoni ambayo nayo haigusi ardhi. Jibu lilikuwa kwenye kidhibiti sauti: maiki ilikuwa imefunguliwa isikike moja kwa moja masikioni, tena nyongeza yake ikiwa kwenye desibeli 30. Maiki ndiyo inayodaka mvumo, na hedfoni inaurudia tu.

Kwa Linux, fungua alsamixer, ziba safu ya Mic upande wa kuchezea, kisha shusha Mic Boost hadi 10 au 0. Kwa Windows, kwenye sifa za maiki ondoa alama ya "Listen to this device" na ushushe nyongeza kwenye ukurasa wa viwango.

Masikio yalipona, −80. Rekodi za kusoma hazikupona: mvumo bado ulikuwa ndani ya maiki. Wenye kusikiliza tu wanaweza kuishia hapa. Sisi hatukuweza.

11 Februari: soketi

Multimeta (1,100) na kipima soketi cha taa tatu (450). Soketi ya Meza 2, kompyuta ikiwa imechomekwa: kati ya laivu (waya wenye stima) na nyutro (waya wa kurudi) volti 238, laivu na ethi (waya wa usalama uendao ardhini) 121, nyutro na ethi 117.

Ethi nzima ingeonyesha karibu 238 dhidi ya laivu na volti moja mbili tu dhidi ya nyutro. Stima kugawanyika nusu kwa nusu maana yake waya wa ethi unaning'inia hewani, na kapasita mbili za kuchuja ndani ya pawa saplai ndizo zinazougawa. Kasha zima lilikuwa kwenye volti mia na kitu. Nguvu yake ni ndogo, mtu husikia kuwashwa tu kwenye ngozi, lakini kwa maiki ni bomba la mvumo.

Ekstensheni mbili, zinazolisha Meza 2 na 5 pamoja na mikisa (kichanganya sauti) ya Meza 3, zilikutwa na waya wa ethi uliokatika ndani ya plagi. Zikabadilishwa, 2,600. Mvumo ukapungua kidogo. Soketi ya ukutani nayo haikuwa na ethi.

Ushauri unaozunguka wa kukata au kuziba pini ya juu ya plagi usifuatwe na yeyote. Wakati mwingine mvumo hupungua kweli, na kasha hubaki likingoja siku waya wa laivu utakapoligusa.

14 hadi 17 Februari: fimbo ya ethi na mwamba wa matumbawe

Sehemu hii ilifanywa na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli. Tunaandika alichokikuta.

Ethi ya nyumba ilikuwepo zamani. Klampu ilikuwa imeliwa na chumvi ya bahari hadi ikawa unga wa kijani, na waya umeachana na fimbo. Fimbo mpya ya shaba ya mita 1.2 ilipigiliwa ardhini nje, kando ya ukuta. Kwenye kina cha futi moja na nusu ikagonga mwamba, ikapinda. Shilingi 1,200 zikaenda. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe na udongo juu yake ni kidogo, kwa hiyo usianze kupigilia kabla ya kuchimbua kwa mtaimbo na kujua pa kupita.

Mahali pa pili palichaguliwa uani, kandokando ya mfereji wa maji ya kuogea, ambapo udongo hukaa na unyevu. Fimbo ya kwanza iliingia yote. Mita ya ethi: omu 96. Ya pili ikapigiliwa mita 2.5 kutoka ya kwanza, kwani zikikaribiana mno zinagombania udongo uleule. Zikaunganishwa: omu 41. Waya wa milimita 10 za mraba, mita 12, 2,160. Klampu mbili 300. Ufundi 4,500.

Majirani walishauri tumwage chumvi shimoni. Namba ingeshuka, ndiyo, na klampu mpya ingefuata njia ya ile ya zamani. Haikumwagwa.

Omu 41 si ethi ya kujivunia. Laivu ikigusa kasha, volti 240 kwa omu 41 ni takriban ampia 6, na fyuzi ya 13 haitashtuka. Ndiyo maana fundi alikataa kuondoka kabla ya kufunga kikata umeme cha miliampia 30 (2,800), ambacho huruka hata ethi ikiwa mbovu kuliko hiyo. Usifunge fimbo bila hicho kwenye udongo wa namba hizi.

Kwa upande wa kelele, jambo moja lilionekana wazi. Mvumo wa Meza 2 ulikufa pale makasha yote ya chumba yalipounganishwa kwenye nukta moja ya ethi, hata kabla waya haujafika kwenye fimbo. Kinachonyamazisha mvumo ni vyuma vyote kuwa kwenye volti moja. Udongo kazi yake ni usalama.

Meza 2, rekodi ya maiki: kutoka −47 hadi −74.

18 Februari: Meza 3 yaharibika

Dawa ya jirani ikawa sumu ya mwenzake. Meza 3, iliyokuwa na mvumo hafifu wa −60, asubuhi hiyo ilipima −49.

Mpangilio wake: laptopu yenye chaja ya pini tatu, skrini ya nje kwa HDMI yenye plagi yake, na mikisa ndogo yenye plagi yake pia. Waya wa sauti unatoka laptopu kwenda mikisa, hedfoni zinatoka mikisa. Zamani ethi ya mikisa ilikuwa imekatika ndani ya ekstensheni. Tulipoitengeneza tukafunga mduara: laptopu, ethi yake, soketi, ethi ya mikisa, ngao ya waya wa sauti, kurudi laptopu. Mkondo mdogo unaozunguka humo ndio mvumo.

Kipimo cha betri kilitupotosha hapa tangu tarehe 6. Chaja ilipotolewa mvumo ulipungua kidogo tu, tukahitimisha kwamba si ardhi. Tulisahau HDMI, ambayo nayo inabeba ardhi ya skrini. Kipimo sahihi ni kuchomoa kila waya unaotoka kwenye laptopu, kisha kurudisha mmoja mmoja. HDMI ilipochomolewa pamoja na chaja, kimya.

Kimoja kati ya vile vitenganishi sita kikawekwa mahali pake halisi, kati ya laptopu na mikisa. −83, besi salama, maana mikisa ina ukinzani mkubwa wa kuingilia. Dawa ilikuwa sandukuni wiki mbili.

21 Februari: Meza 4

Hedfoni mbili zilibadilishwa bila mafanikio kabla mtu hajajiuliza swali la msingi: kelele hii ipo pasipochezwa kitu? Haipo. Kelele ya stima haisubiri rekodi ianze. "Tak" inayokuja na sauti tu, na isiyokaa mahali pamoja ukirudia rekodi, ni kompyuta iliyochelewa kujaza bafa, ile akiba ndogo ya sauti inayongoja kuchezwa.

LatencyMon, programu ya Windows ya kutafuta kinachoichelewesha kompyuta, iliachwa ifanye kazi dakika kumi huku rekodi ikicheza na faili likipakuliwa. Ikanyoosha kidole kwa ndis.sys, yaani upande wa mtandao. Draiva ya Wi-Fi ikasasishwa kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu, uokoaji wa stima wa Wi-Fi ukazimwa, mpango wa stima ukawekwa kwenye utendaji wa juu. "Tak" zikabaki moja moja, hadi ilipoonekana kwamba kadi ya sauti iko hezi 44100 na programu ya unukuzi 48000. Zote zikawekwa 48000. Saa mbili za kusikiliza, hakuna hata moja. Gharama: sifuri.

25 Februari: Meza 5, solda

Jeki ya hedfoni ilikuwa na ukungu wa kijani. Hewa ya pwani haina huruma na shaba. Spreyi ya kusafishia mawasiliano ya umeme (750) ilipulizwa kwenye tundu, plagi ikachomekwa na kuchomolewa mara kumi na kuachwa robo saa. Kutatarika kukapungua. Sikio la kushoto likabaki, kwa kuwa waya ulikuwa umekatika shingoni mwa plagi.

Plagi za nguzo nne ni 80 moja. Zilitumika tatu, mbili za kwanza ziliharibiwa kwa makosa haya.

La kwanza: nyaya nyembamba za hedfoni zimepakwa vanishi. Solda inazigusa, inang'aa, lakini haijashika. Zichomwe kwanza ndani ya tone la solda lenye risini, pasi ikiwa kama nyuzi 380 hadi 400, hadi vanishi itoe moshi na ncha igeuke fedha. Pasi ikikaa muda mrefu plastiki ya plagi inayeyuka, na ndivyo ya kwanza ilivyokwenda.

La pili: ardhi na maiki vilibadilishana. Mpangilio unaotumika sasa kwenye simu na laptopu nyingi, kutoka nchani: kushoto, kulia, ardhi, maiki. Ule wa zamani huweka maiki kabla ya ardhi. Dalili yake inafaa kukaririwa: msemaji aliye katikati anafifia kama yuko ndani ya mtungi, huku mwangwi na sauti za pembeni zikibaki. Masikio mawili yakikosa ardhi ya pamoja husikilizishana tofauti zao tu, na kilicho sawa pande zote kinajifuta. Ukisikia hivyo usilaumu rekodi. Angalia pia kama plagi imeingia hadi mwisho.

Rangi za nyaya zisiaminiwe. Kwa kawaida nyekundu ni kulia, kijani au buluu ni kushoto, shaba tupu ni ardhi, lakini pima kwa multimeta: kati ya ardhi na kila sikio lazima uone omu zinazokaribia zilizoandikwa kwenye hedfoni.

28 Februari: Meza 6, na "di-di-dit"

Hedfoni ya Bluetooth ikitumika kusikiliza peke yake hupokea sauti ya stirio. Programu yoyote ikifungua maiki yake, kompyuta huihamishia kwenye hali ya simu, sauti ya sikio moja iliyobanwa. Hakuna kilichoharibika hapo. Maiki ya Bluetooth ilizimwa kwenye mipangilio, ikatumika ya laptopu, stirio ikarudi.

Sauti pia ilikuwa ikikatika, na hilo lilitokana na kingine. Diski ya nje ya USB 3.0 ilikuwa imechomekwa pua kwa pua na kipokezi cha Bluetooth. USB 3.0 hutoa kelele ya redio inayofikia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo ya Bluetooth. Kipokezi kilisogezwa kwa ekstensheni ya USB 2.0 ya mita moja (200), na Wi-Fi ya laptopu ikahamishiwa gigahezi 5.

"Di-di-dit" ni simu. Zikiwa kwenye 2G hurusha kwa vipande, takriban 217 kwa sekunde, na kilele cha 217 kilionekana kwenye grafu kila simu ilipokaribia kupokea. Kuta nene za matumbawe hudhoofisha mawimbi, simu inaanguka kwenye 2G na kupandisha nguvu yake. Vilinunuliwa vishikizi sita vya feraiti vya kubana waya (720): vilipunguza desibeli 3, si kitu. Kilichosaidia ni kuziweka simu kwenye rafu ya dirishani, zaidi ya mita moja kutoka waya wowote, na zile zinazoruhusu zikawekwa zisishuke chini ya 3G.

12 Machi: kelele mpya ya usiku

Mwezi wa Ramadhani usomaji ulihamia baada ya tarawehe, barabara ikiwa imetulia. Ikazuka kelele ambayo Februari haikuwepo: mkwaruzo mkavu, kilele cha 100 na vizidishio vinavyopanda hadi kilohezi kadhaa, kwenye maiki zote kwa pamoja.

Kuzima kompyuta moja moja hakukusaidia. Kuzima feni za dari kulisaidia.

Mchana feni huzunguka kwa kasi ya mwisho. Usiku wasomaji walizishusha hadi kati ili upepo usipige maiki. Rigyuleta za ukutani zilikuwa za kuzungusha, zenye traiaki (swichi ya kielektroniki) ndani, ambayo hupunguza kasi kwa kukata wimbi la stima mara 100 kwa sekunde. Kila mkato ni mshtuko mdogo unaosafiri kwenye nyaya za nyumba. Kasi ya mwisho haikati kitu, ndiyo maana Februari palikuwa kimya.

Zilibadilishwa tatu kwa za hatua, zenye kapasita (650 kila moja, jumla 1,950). Hizo hazikati wimbi. Mkwaruzo umekwisha kwenye hatua zote nne. Dukani, ya kuzungusha bila "klik" ndiyo ya kuepuka.

20 Mei: baada ya masika

Fimbo za ethi, udongo ukiwa umelowa: omu 23. Itapimwa tena Januari, kaskazi ikiwa imekausha ua, maana namba ya kiangazi ndiyo ya kuaminiwa.

Plagi ya Meza 2 imeanza kijani. Spreyi itapigwa kila miezi mitatu, na matundu yasiyotumika yamezibwa kwa vifuniko vya mpira.

Matumizi hadi leo ni 30,850, pamoja na plagi ya nne ya akiba. Kati ya hizo 10,480 hazikuleta kitu: vitenganishi vitano, pawa saplai, adapta ya USB, feraiti, fimbo iliyopinda na plagi mbili.

Kimebaki kimoja. Mnukuzi wa Meza 5 ameleta iafoni zake za ndani ya sikio, omu 16, na anasikia "shhh" ambayo hedfoni za omu 32 haziitoi. Kushusha sauti kwenye kompyuta hakuipunguzi, kwa sababu inazaliwa kwenye kikuza sauti cha mwisho, baada ya kidhibiti. Iliwekwa rezista ya omu 47 kwa mfululizo kwenye kila sikio: "shhh" ilipotea, na sauti za juu zikabadilika tabia. Zitajaribiwa za omu 22.